Kiazi cha Kuresoi Mezani pa Waitaliano

Katika mikahawa ya Kiitaliano ya Nairobi, ile yenye vitambaa vyeupe mezani na bilauri zinazong'aa, mara nyingi utakuta sahani ya mchana ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuilipia bila kujutia. Ni gnocchi, vidonge vidogo vya viazi na unga wa ngano. Mimi huiagiza kila nipatapo nafasi, na bei ni sababu ndogo tu. Kwetu Kuresoi, kuanzia Kiptororo hadi Keringet na Olenguruone, kiazi ndicho ada ya shule, ndicho bili ya hospitali, na jioni ndicho chakula chenyewe. Tunakichemsha, tunakitia kwenye mchuzi, tunakiponda pamoja na mahindi na majani ya maboga kikawa mukimo. Kwa hiyo mtu anapokichukua kiazi hichohicho na kukifanyia kazi ambayo sijaiona jikoni kwa mama, lazima nimtazame mikono.

Viazi huchemshwa na maganda yake, kwa sababu kiazi kilichomenywa hunywa maji, na maji ndiyo yanayoharibu gnocchi. Humenywa vikiwa bado vinaunguza vidole, vikapondwa papo hapo, kisha vikatandazwa mezani mvuke utoke. Ndipo unga utiwe. Kwa kilo moja ya viazi, gramu 250 hadi 300 zinatosha. Ukiuzidisha, au ukikanda kwa nguvu za chapati, donge hukaza na mlaji hutafuna mpira. Mpishi hodari hukusanya, hubonyeza, hukunja, na huacha mara tu donge linaposhikana. Wengi hushindwa hapo, maana mkono uliozoea chapati hauamini kwamba kazi imekwisha. Baadaye huviringisha kamba ya unene wa kidole gumba, huikata vipande, na kila kipande hukisukuma kwa gumba juu ya meno ya uma. Upande mmoja hupata mifereji, wa pili kishimo, na mchuzi hukaa humo. Kwenye maji ya chumvi yanayochemka, vipande huzama, na vikishaelea huopolewa bila kuchelewa.

Nimewahi kuketi karibu na jiko nikimtazama kijana mmoja akifanya hivyo, vipande vikimtoka chini ya gumba bila yeye kuviangalia, huku akiitikia oda. Vyote vilikuwa sawa. Siagi iliyochemka hadi ikawa ya kahawia, jibini juu yake, basi.

Tena si kila kiazi kinakubali. Aina ya Shangi, iliyotawala mashamba yetu kwa kuwa hukomaa upesi na kuiva upesi, haifai sana hapa. Dutch Robyjn, ile ya krispi, ni kavu zaidi.

Chakula hiki hakikuanzia kwa matajiri. Kiazi kilifika Ulaya kutoka Amerika Kusini katika karne ya 16, na wakulima wa Italia walikikubali polepole, walipoona kinashibisha nyumba ngano inapoadimika. Mjini Roma, Alhamisi ni siku ya gnocchi hadi leo, maana Ijumaa Wakatoliki hawakula nyama na mtu alitaka kushiba mapema. Mjini Verona, kanivali huongozwa na mzee aliyeshika uma mkubwa wenye gnocchi kwenye ncha. Hata kwetu Waitaliano waliacha alama: malori ya viazi yanapopanda kutoka Mai Mahiu kwenda Nairobi, hupita kanisa dogo ambalo wafungwa wa kivita wa Italia walilijenga mwaka 1942, walipokuwa wakijenga barabara hiyohiyo.

Bei ya mchana ni nafuu kwa sababu zinazoeleweka. Viazi, unga na siagi si vitu vya gharama, jiko limeshawashwa, na mwenye mkahawa anataka watu wa ofisini wajaze viti ambavyo usiku hujazwa na wateja wa mvinyo na samaki. Lakini mkono unaopika ni uleule. Mteja wa mchana hapunguziwi ustadi, na hilo ndilo ninalolisifu kwa moyo wote, kwa sababu nimekiona kiazi kikidharauliwa tangu utotoni: gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita mdomo na kuongezewa kofia, dalali analilipia kama gunia moja la kawaida. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, ila lumbesa haijatoweka.

Nina ombi moja kwa wenye mikahawa. Menyu zenu husema jibini imetoka Parma na mafuta ya zeituni yametoka Toscana, na mnafanya vizuri kusema. Kiazi, ambacho ndicho sahani yenyewe, hakitajiwi kwao. Kama kimetoka kwetu, andikeni: viazi vya Kuresoi, aina ya Dutch Robyjn, na mwezi vilipochimbwa.