Jiji la Usiku la Gamboshi: Tahakiki ya Mahali, Fanani na Hadhira katika Simulizi za Mauzauza za Bariadi

1.0 Utangulizi

Gamboshi ni kijiji kilichomo katika Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Kwa sura yake ya mchana ni kijiji cha wakulima na wafugaji kama vijiji vingine vya Usukuma: mashamba ya pamba na mahindi, ng'ombe, na mibuyu iliyotawanyika uwandani. Hata hivyo, kwa Watanzania wengi ambao hawajawahi kukikanyaga, jina la Gamboshi lina maana moja tu, nayo ni makao makuu ya wachawi. Sifa hiyo imeenea kwa masimulizi ya mdomo, imechapishwa magazetini, na imegeuka kuwa msemo wa mzaha. Wakazi wa kijiji nao wameikana mara kwa mara mbele ya waandishi wa habari.

Mjadala kuhusu Gamboshi umekuwa ukizunguka swali la ukweli: je, yanayosemwa yapo au hayapo? Kwa mhakiki wa fasihi simulizi swali hilo halina tija kubwa. Tahakiki hii inachunguza nani husimulia, humsimulia nani, na akiwa wapi. Hoja yake kuu ni kwamba simulizi ya Gamboshi ni simulizi ya watu wa nje ya Gamboshi, na kwamba kuichukulia kama kielelezo cha imani ya wenyeji ni kosa la kiuhakiki lenye madhara kwa watu walio hai.

2.0 Muundo wa Kisa

Matoleo ya kisa hiki ni mengi, lakini yanaweza kupangwa katika mafungu matatu. La kwanza ni la msafiri na jiji. Mtu anapita maeneo hayo usiku, anaona taa nyingi, magari na majumba ya ghorofa. Anapokewa vizuri, anakula, analala. Kunapokucha anajikuta peke yake chini ya mbuyu. Fungu la pili ni la misukule, yaani watu waliozikwa na ndugu zao wakilia, kumbe wamechukuliwa kwenda kutumikishwa mashambani usiku. La tatu halina kisa kamili: ni kauli tu kwamba huko ndiko wachawi wa nchi nzima hukutana, hufunzwa na kupandishwa vyeo.

Fungu la kwanza ndilo lenye umbo la kisanaa lililo imara zaidi. Lina hatua zinazojirudia: giza, nuru, ukarimu, usingizi, mapambazuko, mti. Umbo hilo si geni katika masimulizi ya Afrika Mashariki. Visa vya majini vya pwani navyo vina mgeni anayekaribishwa katika jumba la fahari na kuamka makaburini. Kilicho cha pekee katika kisa cha Gamboshi ni aina ya fahari inayoonekana. Haifanani na ikulu ya mtemi wala zizi lenye ng'ombe wasiohesabika, ambalo lingekuwa taswira ya utajiri iliyozoeleka Usukumani. Kinachoonekana ni umeme, lami na ghorofa, na wasimulizi hulinganisha mandhari hayo na majiji ya Ulaya na Marekani.

Jambo hili lina matokeo mawili kwa uchambuzi. Kwanza, kisa katika umbo lake la sasa hakiwezi kuwa cha kale sana. Taswira ya jiji la taa inamhitaji fanani na hadhira wanaoujua umeme, na wanaojua pia kuwa haupo kila mahali. Pili, kisa kinazungumzia mgawanyo wa maendeleo. Mahali panapodhaniwa kuwa nyuma kabisa mchana ndipo panapopewa usiku kila kitu ambacho mji mkubwa unajivunia, kisha kinaondolewa alfajiri. Luise White (2000), katika uchunguzi wake wa uvumi kuhusu wazimamoto waliodaiwa kunyonya watu damu wakati wa ukoloni, anaonyesha kuwa visa vya namna hiyo hujengwa kwa vifaa na taasisi za kisasa ambazo watu walizishuhudia bila kuzimiliki. Taa za Gamboshi zinaweza kusomwa kwa namna hiyo.

Ipo pia tofauti kati ya kisa na sifa yake, na tofauti hiyo ndiyo iliyopuuzwa zaidi. Katika toleo la kawaida la fungu la kwanza, msafiri hadhuriwi. Amekula, amelala, ameamka mzima. Alichopoteza ni jiji. Hatia haimo katika matukio ya kisa, bali imebandikwa na kauli ya fungu la tatu, ambayo haina matukio yoyote ya kuithibitisha. Msikilizaji huyapokea mafungu yote mawili kwa pamoja, na mshangao wa kisa hugeuka kuwa ushahidi wa kauli.

3.0 Mahali pa Kusimulia na Mahali Panaposimuliwa

Mulokozi (1989) anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, fani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Katika utanzu wa simulizi za mahali pa kutisha, kipengele cha mahali hujigawa sehemu mbili: mahali ambapo kisa husimuliwa, na mahali ambapo kisa hudaiwa kutokea. Uhusiano kati ya sehemu hizo mbili ndio unaoamua kisa kitafanya kazi gani katika jamii.

Mfano wa Popobawa unasaidia kulifafanua jambo hili. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilipotanda Pemba na Unguja, waliosimulia ndio walioogopa. Watu walilala nje kwa makundi, na kisa kilisimuliwa katika nyumba zilezile kilimodaiwa kutokea. Fanani, hadhira na anayeweza kudhuriwa walikuwa watu wa jamii moja. Hata hivyo hofu hiyo haikupita bila mhanga, kwani mjini Zanzibar mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa.

Katika simulizi ya Gamboshi mahali hapo pawili hutengana. Kisa husimuliwa ndani ya basi, bwenini, ofisini, Mwanza au Dar es Salaam, na mara nyingi fanani hudai kukipata kwa mtu aliyekipata kwa mwingine. Hadhira haimo hatarini, hivyo inaweza kufurahia. Anayebeba uzito wa kisa ni mkazi wa kijiji, ambaye si fanani wala hadhira, bali ni sehemu ya mandhari. Mzuka wa daraja au wa jengo tupu haudhuriki kwa kusimuliwa. Gamboshi haiko hivyo, kwa kuwa mandhari yake ni makazi ya watu wenye majina, wenye watoto wanaosoma shule na wazee wanaougua.

4.0 Gamboshi Mbele ya Simulizi za Wasukuma Wenyewe

Wanaokiona kisa hiki kuwa zao la moja kwa moja la utamaduni wa Wasukuma hawana budi kukilinganisha na simulizi ambazo Wasukuma wamezihifadhi kama zao. Masamva, yaani mizimu ya wahenga, huhusishwa na ukoo na kaya. Mtu huwaendea wahenga wake mwenyewe kwa tambiko. Ng'wanamalundi, anayesifiwa kwamba alikausha miti kwa kuinyooshea kidole, ni mtu mwenye nguvu ambaye jamii inamtaja kwa fahari. Hakuna kati ya mifano hiyo miwili unaolifanya eneo zima la makazi kuwa la kuogopwa.

Mfano wenye uzito zaidi ni ngano ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Zimwi linameza watu wote isipokuwa mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto anayezaliwa analiua na kuwatoa watu tumboni. Katika toleo linalofahamika sana, shujaa anapopasua tumbo la zimwi anamkata bikizee mmoja sikio bila kukusudia. Bikizee anakasirika na kutaka kumroga. Ngano ingeweza kumalizia kwa kumuua kizee huyo, lakini inachagua dawa: shujaa anatafuta tiba na kuliponya sikio. Hasira ya mzee inakubaliwa kuwa ina chanzo, na chanzo hicho kinatibiwa. Huo ni msimamo wa kimaadili uliomo ndani ya fasihi ya Wasukuma wenyewe, nao unapingana na mantiki ya kauli ya makao makuu ya wachawi, ambayo haina nafasi ya tiba wala upatanisho.

5.0 Athari za Kisa

Uzito wa mjadala huu unaonekana katika historia ya eneo lenyewe. Kwa mujibu wa Mesaki (1994), kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kutokana na tuhuma za uchawi, 2,286 kati yao wakiwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukumani. Macho mekundu ya wanawake wazee, ambayo kwa kawaida husababishwa na moshi wa kuni na wa samadi jikoni, yalichukuliwa kuwa alama ya uchawi. Operesheni ya kuwasaka wauaji mwaka 1976 iliishia kwa baadhi ya watuhumiwa kufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamlinda mtu dhidi ya kutajwa kuwa mchawi. Simulizi ya mahali huukwepa ulinzi huo. Anayesema kwamba Gamboshi ni kwa wachawi hajamtaja mtu yeyote, lakini ameacha tuhuma wazi ili mwingine amjaze humo amtakaye. Kwa kawaida anayejazwa ni yule asiye na wa kumtetea.

6.0 Hitimisho

Tahakiki hii imeonyesha kuwa kisa cha jiji la usiku kina thamani ya kifasihi, na kwamba maudhui yake ya msingi ni nuru na utajiri vilivyoonekana vikatoweka. Imeonyesha pia kuwa tuhuma iliyofungamanishwa nacho haitokani na matukio ya kisa wala na simulizi za Wasukuma zilizolinganishwa hapa. Kwa hiyo ukusanyaji wa simulizi za aina hii unapaswa kurekodi mahali ambapo kila toleo limesimuliwa na umbali wa fanani na mahali anapopasimulia, na kulipa kanusho la mwenyeji hadhi ya toleo kamili. Pasipo kufanya hivyo, mtafiti anakuwa fanani mwingine wa mbali, naye anakisambaza kisa kwa hadhira isiyomo hatarini.