Mungu Hakai Ukingoni: Uhakiki wa Hoja ya Hawking kuhusu Mwanzo

Katika semina ya wainjilisti huko Bahi, kijana mmoja wa kidato cha sita alituuliza hivi: "Wataalamu wakigundua kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo, je, tutaacha kukiri Kifungu cha Kwanza cha Imani?" Alikuwa amesikia mahubiri yaliyodai kwamba sayansi imekwisha kuthibitisha sura ya kwanza ya Mwanzo. Swali lake latulazimu kukihakiki kitabu ambacho wahubiri na wakanamungu hukitumia kwa pamoja, yaani A Brief History of Time cha Stephen Hawking (1988).

Kwa nadharia ya uhusianifu ya Einstein ya mwaka 1915, mahali na wakati ni kitu kimoja, nacho hupindwa na maada. Mwaka 1965 Roger Penrose alithibitisha kwa hesabu kwamba nyota ikiporomoka kupita kiasi fulani, njia zilizomo ndani yake hukatika, hazina pa kuendelea. Ukomo huo huitwa singulariti. Mwaka 1970 yeye na Hawking walionyesha kwamba, maadamu nadharia ya Einstein ni kweli na uvutano wa maada daima huvuta, ulimwengu unaopanuka nao una ukomo wa namna hiyo katika wakati uliopita.

Hapo wahubiri hushangilia upesi mno. Kwanza, singulariti haisemi kwamba kitu kimezaliwa. Husema kwamba njia za hesabu zimekoma. Mto Bubu huishia katika kinamasi cha Bahi, wala haufiki baharini. Mchora ramani hukatisha mstari wake hapo, lakini maji hayakomi: mengine hupanda kama mvuke, mengine hunywesha mpunga. Mfano huu una mipaka, kwa kuwa kinamasi chaweza kufikiwa na singulariti si mahali pa kufikiwa. Lakini watufundisha tusiudhanie mwisho wa ramani kuwa mwisho wa mambo.

Pili, hoja hiyo hujipinga yenyewe. Setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka pwani ya Kenya karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru, ilisaidia kuitambulisha Cygnus X-1, ambayo leo huhesabiwa kuwa shimo jeusi. Kwa hesabu zile zile, ndani yake mna singulariti. Ikiwa singulariti ni alama ya siku ya kwanza ya uumbaji, je, kila nyota iliyoporomoka ni Mwanzo mpya?

Hawking naye hukosea kwa upande mwingine. Twamsifu kwa unyofu wake, maana aliungama hadharani kwamba amebadili mawazo juu ya singulariti aliyoithibitisha yeye mwenyewe. Pamoja na James Hartle alipendekeza mwaka 1983 ulimwengu usio na ukingo wa mwanzo, pendekezo ambalo hata leo halijathibitishwa. Lakini katika kitabu chake anauliza: pasipo ukingo, Muumba ana nafasi gani? Kama wahubiri anaowapinga, adhani Mungu hukaa ukingoni.

Kanisa halikufundisha hivyo. Agostino aliandika kwamba wakati wenyewe ni kiumbe, umeumbwa pamoja na ulimwengu. Basi Muumba si tukio la kwanza katika mfululizo wa matukio. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulitokana na chembe moja ya asili, alikataa kuitumia nadharia yake kama uthibitisho wa imani. Naye Luther, akikieleza Kifungu cha Kwanza katika Katekisimo Ndogo, haanzi na asili ya nyakati. Anaanza na mtu anayekiri, kisha mwili wake, mavazi yake na chakula chake cha leo.

Wachungaji wenzangu, tukiifunga imani ya kijana kwenye nadharia, siku nadharia itakaporekebishwa tutakuwa tumemwangusha sisi wenyewe. Jibu lililompasa kijana wa Bahi ni hili: Kifungu cha Kwanza hakikusimama juu ya singulariti, wala hakitaanguka pamoja nayo.