Mpingo wa Kilwa: jinsi vijiji vilivyopata haki ya kuvuna mti uliohifadhiwa

Mpingo ukiota kwenye ardhi ya kijiji Tanzania, wanakijiji hawana ruhusa ya kuukata watakavyo. Kwa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 umo katika orodha ya miti iliyohifadhiwa, pamoja na mninga na mvule. Kibali hutoka serikalini, na mrabaha hurudi huko huko. Ulinzi wa namna hiyo uliuacha mti bila mwenyewe: mwanakijiji aliyeona lori la magogo likipita usiku hakuwa na cha kupoteza, basi alinyamaza.

Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, inatoa njia. Kijiji kikitenga Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji, orodha ya miti iliyohifadhiwa haikibani tena ndani ya msitu huo, na mapato ya mauzo hubaki kijijini. Vijiji vya Kilwa vimeitumia njia hii vizuri kuliko vingi, vikisaidiwa na shirika la uhifadhi la MCDI la Kilwa Masoko. Mwaka 2009 shirika hilo lilipata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kwa niaba ya vijiji, Kikole na Kisangi vikiwa vya mwanzo.

Kazi ngumu haikuwa kukata. Ilianza na mipaka, kwa sababu majirani wasipokubaliana msitu unaishia wapi, kila gogo huzua kesi. Ndipo zikafuata sheria ndogo, mpango wa usimamizi na kura ya mkutano mkuu wa kijiji. Kamati ya Maliasili ya kijiji iliingia msituni kuhesabu miti, ikipima kipenyo cha shina kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua mingapi ivunwe. Mpingo hukua polepole mno, miaka 70 au zaidi kabla haujafaa kuvunwa, kwa hiyo ukikosea hesabu leo wajukuu ndio watakaolipa.

Siku ya kuvuna, mti huchaguliwa na kuwekwa alama kabla msumeno haujaugusa. Macho yanahitajika hapa: mipingo mingi huoza moyoni huku gome likiwa zima, na mnunuzi wa mbao za klarineti anataka kiini cheusi kisicho na ufa. Mti ukishaanguka, nyundo ya kijiji hugongwa kwenye gogo na kwenye kisiki, ili gogo lililofika kiwandani liweze kurudishwa hadi kisiki lilikotoka. Kwangu mimi alama hiyo ya nyundo ndiyo nguzo ya mfumo mzima, kwani gogo lisilo nayo linajieleza lenyewe kuwa la wizi.

Moto bado ni adui mkubwa. Ule wa mwisho wa kiangazi huua miche na kuharibu mashina, ndiyo maana kamati huchoma nyasi mapema, zikiwa bado na unyevu, moto upite chini na upesi.

Viongozi wa vijiji vyenye mpingo, mninga au mkongo, msianze na mnunuzi anayekuja na fedha mkononi. Anzeni na jirani mnayepakana naye, muafikiane mpaka kwa maandishi, kisha mwiteni afisa misitu wa wilaya mhesabu miti pamoja.