Nyuzi Nne Ndani ya Waya wa Chaji

Anayeingia steshenari mjini Rujewa na cheti alichokipiga picha kwa simu, akitaka kichapwe, aghalabu huambiwa akitume kwa WhatsApp. Kazi inafanyika, lakini kwa hasara. Bando linaliwa, picha inabanwa hadi mhuri wa shule hausomeki vizuri, na namba yake pamoja na cheti vinabaki kwenye simu ya mtu asiyemfahamu. Waya ungemaliza kazi hiyo bila bando, kwa ubora uleule wa kamera, na nakala ingefutwa kwenye kompyuta mwenyewe akiona. Waya hususwa kwa sababu mbili, na zote zina dawa.

Ya kwanza imo ndani ya waya wenyewe. Waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyuzi nne: nyekundu na nyeusi za umeme, nyeupe na kijani za data. Ili kupunguza gharama, baadhi ya watengenezaji huziacha hizo mbili za data. Waya wa namna hiyo huchaji simu bila shida, ila kompyuta haioni kitu. Mteja anadhani simu yake ni mbovu, naye mwenye duka anaanza kusaka draiva. Kabla ya kugusa chochote, jaribuni waya mwingine, hasa ule uliokuja na simu kwenye boksi lake.

Ya pili ni ruhusa, na hapa pana uhandisi wa kusifiwa. Simu za Android za zamani ziliikabidhi kompyuta hifadhi kama flashi. Kompyuta ikishaishika, simu haikuweza kuitumia: picha zilitoweka kwenye albamu, na aliyechomoa waya ghafla aliweza kuvuruga mpangilio wa faili zote. Kuanzia Android 3.0 ya mwaka 2011, Google ilihamia MTP, utaratibu wa kuhamisha faili uliotoka Microsoft. Kwa MTP simu haiachii hifadhi yake. Kompyuta huomba, simu hutoa. Mwaka 2015, Android 6.0 ikaongeza kinga nyingine: simu ikichomekwa, inachaji tu. Kwa mtu anayeomba chaji kwenye kompyuta ya dukani, kinga hiyo ni muhimu sana, maana hakuna anayeweza kupekua picha zake kabla hajaruhusu.

Kwa hiyo ukishachomeka, fungua simu, teremsha arifa, gusa ile ya USB, chagua kuhamisha faili. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa. iPhone nayo huuliza kama unaiamini kompyuta.

MTP ina udhaifu wake. Faili huombwa moja moja, hivyo picha ndogo elfu moja huchelewa kuliko video moja yenye uzito uleule. Picha za kamera zimo kwenye folda ya DCIM. Za WhatsApp, tangu Android 11, zimezama ndani ya folda iitwayo Android, kisha media, kisha com.whatsapp.

Na usikate faili. Mkulima wa mpunga wa Usangu mwenye picha ya mkataba wa shamba anakili kwanza, aifungue kwenye kompyuta aone kama inasomeka, ndipo afikirie kuifuta kwenye simu. Waya huweza kulegea katikati ya kazi.

Kwa simu za Android, mwenye steshenari anahitaji nyaya mbili tu zilizojaribiwa, ya micro-USB na ya Type-C, zikae mezani pembeni ya printa.