Jicho la Punda katika Au hasard Balthazar

Imekuwa desturi ya wahakiki kudai kwamba filamu ya Robert Bresson, Au hasard Balthazar, iliyotolewa Ufaransa mwaka 1966, inasimulia kisa cha wanadamu kwa macho ya punda. Dai hilo lahitaji kupimwa. Katika ngano za Waswahili, Sungura na Fisi hunena na kupanga hila. Ni watu waliovikwa ngozi. Balthazar hasemi, wala msanii hambuni mawazo. Anabatizwa na watoto kwa mchezo, kisha anapitia mikononi mwa mwokaji mikate, mlevi Arnold, watu wa sarakasi, na bahili mmoja mwuza nafaka. Ayaonayo kwa mabwana hao hayafafanuliwi. Na ugomvi wa shamba unaomwangamiza baba yake Marie unaendelea, kwa sehemu kubwa, punda akiwa hayupo kabisa.

Ushahidi ulio bora umo katika sehemu ya sarakasi. Punda anapita mbele ya vizimba na kutazamana na chui milia, dubu mweupe, sokwe na tembo. Jicho kwa jicho, pasipo neno. Mtazamaji anahisi kwamba kuna jambo limepita baina yao, lakini hapewi ufunguo wa kulijua. Hapo ndipo Bresson anapolikaribia zaidi jicho la mnyama, na ni hapo hapo anapokiri kuwa haliazimiki. Mpolandi Jerzy Skolimowski, katika EO ya mwaka 2022, alithubutu kuingia kichwani mwa punda kwa nuru nyekundu na ndoto. Picha zake zapendeza zaidi, zafahamisha kidogo.

Kasoro ya Bresson iko kwingine. Mama yake Marie, aliyebakiwa na punda tu, anamwita mtakatifu, na wahakiki wengi wamelidaka neno hilo. Lakini asiyeweza kukataa hana subira, ana mzigo. (Methali humlaumu punda kwa mateke yake, huyu laiti angaliyazidisha.) Marie, kwa upande wake, ana ulimi, na bado Bresson, aliyewakataza waigizaji wake kuigiza hisia, anamnyamazisha kama mnyama. Genge la Gérard linamvua nguo na kumpiga. Anaonyeshwa kwa kisogo tu, kisha mama yake anatangaza kwamba ameondoka. Kufa kwa punda mlimani, katikati ya kondoo na kengele zao, kumepewa dakika nzima nzima na muziki wa Schubert. Marie amepewa sentensi moja, tena ya mtu mwingine.