Kumwachia Mungu: Daudi, Nabali na Shimei

Katika lugha yetu liko neno ambalo mtu aliyedhulumiwa aghalabu hulitamka akiwa amechoka kusema mengine: Namwachia Mungu. Neno hili lina sura mbili. Hutoka katika kinywa cha mtu aliyeutua mzigo wake chini, na hutoka vilevile katika kinywa cha mtu aliyeuma meno, ambaye hana nguvu ya kulipiza leo lakini anatumaini kuyashuhudia maangamizi ya adui yake kesho. Sauti ni moja, matamshi ni mamoja. Ila katika la kwanza mna imani, na katika la pili mna laana. Wahubiri hulisifu neno hili bila ya kuuliza ni sura ipi wanayoisifu, na wenye nguvu hulipenda zaidi, kwa kuwa mnyonge aliyekwisha kumwachia Mungu hatazamiwi tena kwenda barazani.

Nia ya makala haya ni kuzitazama sura hizo mbili katika hadithi ya Daudi, kama inavyosimuliwa katika vitabu vya Samweli na kumalizikia katika mlango wa 2 wa kitabu cha kwanza cha Wafalme. Naitazama kama hadithi, maana imetungwa kwa ustadi mkubwa, ingawa watu wengi huijua kwa vipande tu. Kipande kijulikanacho kuliko vyote ni kile cha pango la Engedi. Daudi na watu wake wamejificha ndani ya pango. Sauli, anayemwinda kwa askari 3,000, aingia humo peke yake kwa haja ya mwili, asijue walioko gizani. Watu wa Daudi wamnong'oneza kwamba hii ndiyo siku aliyoahidiwa. Daudi anyemelea, lakini badala ya kumwua mfalme akata upindo wa vazi lake, na hata kwa hilo moyo wake wamchoma.

Hapo mahubiri mengi hukoma, lakini hadithi haikomi. Daudi atoka pangoni, amwita mfalme kwa sauti kuu, na kumwonyesha ule upindo mkononi mwake. Atoa shitaka lake lote, kwamba hakukosa neno na bado anatafutwa roho yake, kisha amwomba Mungu awe mwamuzi kati yao wawili. Yafaa jambo hili litiliwe mkazo. Mtu huyu ameuacha upanga, hakuliacha dai. Amelisema mbele ya mtu aliyemkosea, na ameleta ushahidi unaoweza kushikwa. Yeyote amwambiaye mdhulumiwa anyamaze kwa jina la Mungu hatapata mfano wake Engedi. Na tunda la maneno yale ni kwamba Sauli alilia, akakiri kuwa Daudi ana haki kuliko yeye.

Walakini liko swali ambalo pango peke yake haliwezi kulijibu. Je, mkono wa Daudi ulizuiwa na imani, au ulizuiwa na cheo cha Sauli? Yeye mwenyewe ataja sababu moja tu: Sauli ni masihi wa Bwana, yaani mtu aliyetiwa mafuta. Lakini Daudi naye alikwisha kutiwa mafuta na Samweli, na mtu wa namna hiyo akiwafundisha askari wake kwamba mfalme aliyetiwa mafuta aweza kuuawa, anoa kisu cha shingo yake mwenyewe. Mwandishi wa hadithi hasemi hivyo. Afanya lililo bora zaidi: katika mlango unaofuata amleta mtu asiye na mafuta wala taji, amweke mbele ya Daudi, atazame litakalotokea.

Mtu huyo ni Nabali wa Maoni, tajiri mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Ni majira ya kukata manyoya ya kondoo, ambayo ni majira ya karamu. Daudi atuma vijana kumi kumwomba chakula kwa adabu, maana watu wake wamekuwa ukuta wa wachungaji wa Nabali nyikani na hakikupotea kitu. Nabali auliza Daudi ni nani, na kuongeza kwamba siku hizi watumwa watorokao mabwana zao ni wengi. Hakuna jeraha hapa. Ni tusi tu, pamoja na mkate ulionyimwa. Na huyu Daudi, aliyemhurumia mtu aliyewahi kumtupia mkuki, ajifunga upanga, achukua watu 400, na kuapa kwamba kufikia alfajiri hatabaki mwanamume hata mmoja katika nyumba ile. Sauli alitaka kumwua, akaachwa hai; Nabali alimnyima chakula, akahukumiwa kufa pamoja na watumishi wasiojua lolote. Twaijua tabia hii. Mtu huvumilia dhuluma ya mkubwa mwaka mzima na kuiita subira, kisha siku moja akamrukia mtumishi wa nyumbani kwa ajili ya neno moja.

Anayemzuia ni Abigaili, mke wa Nabali. Bila ya kumwambia mumewe apakia punda mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kuandaliwa, nafaka ya kukaanga, vishada 100 vya zabibu kavu na mikate 200 ya tini. Ashuka mlimani na kumkuta Daudi njiani. Hotuba yake ni miongoni mwa hotuba ndefu za mwanamke katika Agano la Kale, na haina neno la bure. Hadai kwamba Nabali hana kosa. Asema kuwa mumewe ni kama jina lake, na jina lile kwa Kiebrania ni mpumbavu. Hamwambii Daudi kwamba hasira yake haina msingi. Amwambia kwamba Mungu atamfanya mkuu juu ya Israeli, na kwamba siku ile itakapofika, isiwe moyoni mwake kwazo la damu iliyomwagwa bure na la kujipatia haki kwa mkono wake mwenyewe. Basi hoja yake haihusu stahili ya Nabali hata kidogo. Yahusu moyo wa mwenye kulipiza, na kumbukumbu ambayo hataweza kuivua pamoja na nguo atakapolala. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha milango yote mitatu. Tumaini katika haki ya Mungu halikuwa tabia ya Daudi, wala hakulitoka nalo pangoni kama mtu atokavyo na silaha. Aliletewa njiani na mwingine, tena mke wa adui yake, pamoja na chakula.

Wako wataalamu waonao kwamba kisa cha pango katika mlango wa 24 na kisa cha kambi katika mlango wa 26 ni tukio moja lililosimuliwa mara mbili. Yamkini ni kweli. Lakini yule aliyeviweka pamoja ndiye aliyemweka Nabali katikati, naye ndiye asemaye kuwa karamu ya Nabali ilikuwa kama karamu ya mfalme. Nabali ni kivuli cha Sauli. Alewa usiku, asubuhi mkewe amweleza yaliyopita, moyo wake wafa ndani yake, awa kama jiwe, na baada ya siku kama kumi Bwana ampiga, afa. Tazama sasa lifuatalo. Daudi anapoingia usiku katika kambi ya Sauli, na Abishai kumwomba ruhusa ya kumchoma mfalme kwa pigo moja la mkuki, jibu lake si lile la pangoni tu. Ataja njia tatu ambazo Sauli aweza kufa bila ya mkono wake: Bwana atampiga, au siku yake itafika, au ataangamia vitani. Kitenzi cha njia ya kwanza katika Kiebrania ni kile kile kilichotumika kwa kifo cha Nabali. Daudi amejifunza. Lakini amejifunza nini? Mtu aliyeona adui mmoja akifa katika siku kumi aweza kuanza kuhesabu siku za adui wa pili. Zaidi ya hayo, alipopata habari za msiba ule alimshukuru Mungu aliyemrudishia Nabali uovu wake kichwani pake, kisha akamposa mjane. Msomaji hana budi kukunja uso kidogo.

Mafundisho ya Kikristo juu ya jambo hili yamesimama zaidi juu ya mlango wa 12 wa waraka wa Paulo kwa Warumi, ulioandikwa yapata mwaka 57. Paulo akataza kulipiza na kusema kwamba kazi hiyo ni ya Mungu, akiyategemea maneno ya Kumbukumbu la Torati. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iliyo mikononi mwa wengi, imetumia hapo neno kisasi. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, na kwao ni neno la sheria: malipo yaliyo sawa na kosa, yenye kipimo na mpaka. Lilipoingia katika Kiswahili kipimo kilipungua, joto likabaki. Lakini neno alilolitumia Paulo, ekdikesis, lina mzizi wa haki ndani yake. Mzizi huo huo umo katika kilio cha mjane mbele ya kadhi dhalimu katika Injili ya Luka, mlango wa 18, na huko wafasiri wetu waliandika haki. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akutana na Mungu mmoja ampatiaye mjane haki, na mahali pengine akutana na Mungu ajiwekeaye kisasi, kana kwamba ni wawili. Siwalaumu wafasiri, katazo la Paulo lilihitaji neno kali, na kisasi ndicho watu walichotaka kukifanya. Ila mwanafunzi na ajue kwamba kilichoahidiwa pale ni hukumu ya haki. Mungu kukasirika kwa niaba yetu ni jambo jingine.

Na Paulo hakukoma hapo. Kwa kuyafuata maneno ya Mithali aagiza kwamba adui akiwa na njaa alishwe, akiwa na kiu anyweshwe. Yale makaa ya moto yatajwayo pamoja na agizo hilo yamewasumbua wafafanuzi wengi. Agostino aliyaona kuwa ni uchungu wa toba, nami nadhani alikuwa karibu na kweli, maana ni vigumu kuamini kwamba Paulo aliona chakula kama njia ya kuchoma. Agizo lile laifunga ile sura ya pili ya neno letu. Mtu awezaje kumpelekea mwenziwe sahani ya chakula na wakati huo huo kukaa akihesabu siku zake? Punda wa Abigaili walimletea chakula mtu aliyekosewa. Paulo amweka mkosewa mwenyewe nyuma ya punda na kumwamuru aende.

Daudi hakufika huko. Shimei, mtu wa jamaa ya Sauli, alimlaani na kumtupia mawe siku alipokimbia mbele ya mwanawe Absalomu. Abishai, yule yule, alitaka kumkata kichwa. Daudi alikataa kwa maneno mazuri kuliko yote aliyoyasema juu ya jambo hili: huenda Bwana ameagiza laana ile, na huenda atayatazama mateso yake na kumlipa mema. Aliporudi na ushindi alimwapia Shimei kwamba hatakufa. Miaka ikapita. Mzee akalala kitandani, hapati joto hata kwa nguo nyingi, na katika wosia wake kwa Sulemani akamtaja Shimei: mimi nilimwapia, wewe hukuapa, wewe ni mwenye hekima, utajua la kufanya na mvi zake. Kiapo kimetunzwa kwa herufi, na hasira imetunzwa pamoja nacho kama fedha sandukuni.

Sulemani akamwekea Shimei mpaka wa kutotoka Yerusalemu. Baada ya miaka mitatu Shimei akawafuata watumwa wake wawili waliotorokea Gathi, akarudi nao. Mfalme akamwita. Kabla ya kumpa Benaya amri ya kuua, akamwambia kwamba Bwana atamrudishia uovu wake kichwani pake. Ni maneno yale yale ambayo baba yake aliyasema siku aliposikia kwamba Nabali amekufa, isipokuwa safari hii upanga ulikuwa umekwisha kushikwa.