Upande wa Pili wa Kaunta: Baa, Mtembezi na Mhudumu katika Riwaya ya Jiji

Uhakiki wa riwaya ya mjini katika Afrika Mashariki umezoea kuingia baa kwa mlango mmoja tu. Mhakiki hufuatana na mhusika wa kiume, aghalabu kibarua wa ujira duni au msomi aliyekata tamaa, akaketi naye, akahesabu chupa zake, kisha akatoka na hukumu aliyokuwa nayo kabla ya kuketi: kwamba baa ni ishara ya uozo wa jamii baada ya uhuru. Hukumu hiyo si ya uongo, ila ni hukumu ya mteja. Inaiona baa kuwa mahali pa kutumia fedha na kupoteza nafsi, wala haioni kwamba kuna watu ambao mahali hapo ndipo pa kuzichuma. Makala haya yananuia kuiangalia baa ya riwaya kutoka upande wa pili wa kaunta, aliko yule anayesimama usiku kucha ili wengine waketi.

Tuanze na kazi ambayo imesomwa sana kwa jicho hilo la mteja. Katika Going Down River Road (1976), Meja Mwangi anatupitisha Nairobi kwa miguu ya Ben na Ocholla, vibarua wanaojenga jumba linaloitwa Development House. Mchana jumba linapanda ghorofa baada ya ghorofa. Jioni wajenzi wake wanateremka River Road, kwenye vilabu vya bei nafuu ambako mshahara wa juma huyeyuka. Huu mwendo wa kupanda na kuteremka ndio uti wa mgongo wa msuko, na Mwangi anaumudu bila kuhubiri. Msomaji anaujifunza mji kwa daraja za ulevi wake: hoteli za watalii na waheshimiwa ambazo Ben huzipita kwa nje, klabu za usiku zenye bendi na kiingilio, baa za chupa, na hatimaye vibanda ambako pombe haina jina la kiwanda. Hakuna ramani ya manispaa inayoeleza matabaka ya Nairobi kwa uwazi kama huu. Mtu anajulikana ni nani kwa anachokunywa, na zaidi kwa mlango ambao bawabu hatamfungulia.

Hata hivyo, ramani hiyo ina doa jeupe. Ben anajua bei ya kila kinywaji na hatari ya kila uchochoro. Hajui, wala riwaya haimshurutishi kujua, yule anayemletea chupa analala wapi na analipwa na nani. Wini, mwanamke anayepewa nafasi kubwa zaidi mwanzoni, anaondoka na mwajiri wake na kumwachia Ben mtoto, na simulizi haimfuati. Twabaki na wanaume wawili, mtoto mmoja, na kiu. Hatusemi haya kumlaumu Mwangi. Mwandishi anayechagua jicho moja amechagua pia upofu wa jicho hilo. Lawama inamfaa zaidi mhakiki, anayelichukua jicho la Ben kuwa jicho la jiji zima.

Historia ya Nairobi yenyewe inaikataa dhana kwamba baa ni zao la uhuru ulioharibika. Katika miaka ya 1920 manispaa ya kikoloni ilijenga ukumbi wake wa pombe Pumwani, ikiiga mfumo ulioanzia Durban mwanzoni mwa karne ya 20: serikali ya mji inahodhi pombe ya Waafrika, inapiga marufuku ya wengine, na faida inagharimia huduma za wakazi hao hao. Kwa maneno mengine, mlevi wa Pumwani alikuwa mlipa kodi wa aina yake, na mama aliyepika pombe nyumbani akawa mhalifu kwa sababu alishindana na manispaa. Uhasama huo kati ya pombe ya serikali na pombe ya mama uliuvuka uhuru. Sheria ya mwaka 1980 ilipiga chang'aa marufuku. Sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu kwa masharti ya utengenezaji na ufungaji ambayo mpishi wa kibandani hawezi kuyatimiza kwa urahisi. Anayesoma vilabu vya River Road kana kwamba ni ugonjwa wa maadili tu amekwisha kusahau ni nani alikuwa mwenye kilabu wa kwanza.

Tunakuja sasa kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Katika kitabu chake The Comforts of Home (1990), mwanahistoria Luise White aliwahoji wanawake wazee wa Pumwani na mitaa jirani, akadai kwamba umalaya wa Nairobi ya kikoloni ulikuwa kazi, yenye mtaji, akiba na hata majumba yaliyojengwa kwa akiba hiyo. Istilahi alizoziorodhesha ni za Kiswahili cha mjini: malaya, aliyemngojea mwanamume ndani ya chumba chake na kumpa pia chai, chakula na maji ya kuoga, wazi-wazi, aliyeketi nje ya mlango na kuitaja bei, na watembezi, waliozunguka barabarani. Neno hili la mwisho linastahili kumsimamisha mhakiki. Katika riwaya zetu mtembezi wa usiku, yule anayekwenda baa hadi baa na kutufunulia jiji, ni mwanamume. Katika lugha ya watu walioishi usiku huo, mtembezi alikuwa mwanamke. Riwaya imemnyang'anya miguu, ikamketisha kwenye kiti kirefu cha kaunta, ikampa mteja kazi ya kutembea na kusimulia.

Mtu ataleta pingamizi kwamba wapo waandishi waliomwachia mwanamke huyo aseme. Ni kweli, na inashangaza ni akina nani. Okot p'Bitek alimpa nafsi ya kwanza katika Song of Malaya (1971). David Maillu, baada ya kumsawiri mlevi na chupa yake katika My Dear Bottle (1973), alifanya hivyo katika After 4.30 (1974), ambamo saa ya kutoka ofisini ndiyo saa ya kuingia kazi nyingine. Kwa mantiki ya Maillu, ofisi, baa na chumba cha kupanga ni mnyororo mmoja wa ajira, na bosi yumo katika kila pingili. Uhakiki wa chuo kikuu wa miaka ya 1970 ulimtupa Maillu pamoja na Charles Mangua katika kapu la fasihi chapwa, na vitabu vya Maillu vikapigwa marufuku Tanzania. Kifani, sehemu kubwa ya lawama ilikuwa ya haki. Maillu hurefusha pasipo haja, na utani wake mara nyingi humchekesha mwanamume aliyeketi, si mwanamke anayehudumu. Aidha, sauti hizi zimetungwa na wanaume, na ujasiri wa malaya wa Okot, anayewakaribisha wote bila kinyongo, unamfaa mteja kupita kiasi. Lakini tazama tulichokitupa: maandishi machache ambamo mhudumu wa usiku wa Nairobi anasema "mimi". Usafi wetu wa kinadharia ulitugharimu ushahidi.

Mangua naye ni kielelezo cha ajabu zaidi. Dodge Kiunyu wa Son of Woman (1971) ni mtoto wa kahaba wa Eastleigh, na jina la kitabu linamkiri mama huyo jaladani. Elimu yake inamfikisha mbali na chumba cha mama yake, naye anairejea dunia ile ile akiwa mteja. Tungetarajia kwamba mtu aliyelelewa upande wa pili wa kaunta angeuona. Dodge anaucheka tu. Kicheko hicho ndicho kilichokipatia kitabu wasomaji wengi.

Ni Ngugi wa Thiong'o, mwandishi tusiyemzoea kwa mandhari ya starehe, aliyeisoma baa kwa ukamilifu kuliko wote. Wanja wa Petals of Blood (1977) amekwisha kufanya kazi za baa mijini kabla ya kufika Ilmorog, na anapoingia duka la Abdulla hesabu inabadilika: anajua namna ya kuwavuta wateja, anajua faida iko wapi. Theng'eta, kinywaji cha wazee kinachofufuliwa kwa ujuzi wa nyanyake Nyakinyua, inakuwa mali ya kampuni, na Wanja anaishia kuwa mwenye danguro. Hapa baa haimpotoshi mtu. Baa inajengwa na mwanamke, inakua, kisha inachukuliwa. Tunaweza kubishana na Ngugi kuhusu moto wa mwisho, ambao kwetu ni njia ya mkato ya kiusanii, lakini kuhusu ni nani anayeifanya baa iwe baa hatuna la kubishana naye.

Upande wa riwaya ya Kiswahili, hali si ya kuridhisha sana. Ben Mtobwa aliuweka usiku wa jiji katika jina la kitabu, Dar es Salaam Usiku (1990), naye bado anasubiri uhakiki usioanza kwa kumwombea radhi kwamba ni mwandishi pendwa. Wenye kusomwa sana ni Said Ahmed Mohamed, na kwa Utengano (1980) tunayo madai mahususi. Miongozo ya shule na tasnifu kadhaa humsoma Maimuna hivi: binti aliyefungiwa ndani na babake, Bwana Maksuudi, anatoroka, anaangukia baa ya Mama Jeni, anapotoka. Vitenzi vyenyewe, kuangukia na kupotoka, vinamfanya awe kitu kilichoanguka, si mtu anayefanya kazi. Lakini usiku katika riwaya hii ulikuwa wa Maksuudi kwanza. Ni yeye anayetoka nyumbani kwenda kwa Kazija ilhali bintiye haruhusiwi hata dirisha. Mtembezi ni baba. Binti anapotembea anaitwa mpotovu.

Na huko baani Maimuna anakuwa kivutio cha wateja, yaani biashara ya Mama Jeni inamtegemea. Tumlinganishe na wanamuziki wa Dar es Salaam wa zama hizo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoundwa 1978, ilikuja kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Wapiga gitaa hao walikesha katika kumbi zile zile, wakauza bia kwa nyimbo zao, na waliitwa wasanii walioajiriwa. Hakuna tasnifu tunayoifahamu inayomwita mpiga saksafoni wa DDC mtu aliyepotoka kwa sababu ya kukesha baani. Maimuna anakesha kama wao, anawaleta wateja kama wao. Mwanafunzi atakayeifungua tena riwaya hiyo aanze kwa kuuliza maswali ya kawaida ya kazi: Mama Jeni anamlipa nini, chumba ni cha nani, na akiugua nani ananunua dawa.